Ukuta Wangu wa Kuni

Hadithi hii hainijengi hata kidogo. Nimeipitisha kichwani mara nyingi nikitafuta mahali ambapo naonekana mtu mwenye akili, sijapaona. Naisimulia mwenyewe, mapema, kabla muuza vyungu mmoja wa Ikombe hajafika kwenu, maana yule mama akiisimulia huwa anasimama kuniiga, na anapofika kwenye sehemu ya chungu watu huanguka chini.

Tulipanda meli ya Wadachi kutoka Mwaya kwenda Manda, watu wanne wa nyumba moja: baba, mama, mke wangu na mimi. Dada yangu ameolewa na seremala, na kazi ya bandari ilimpeleka huyo seremala Manda. Wakapata mtoto, mjukuu wa kwanza wa baba na mama. Barua ikaja, nikaisoma mimi, kwa sababu msomaji wa nyumba yetu ni mimi. Nilikaa shule ya misheni pale Ipyana miaka minne, mpaka mwalimu akasema kilichobaki kichwani mwangu ni utani, na utani hauna daftari lake. Barua ilisema: mtoto atabatizwa, njooni wote.

Hilo "wote" ndilo lililoniponza.

Kwetu mke haonani na baba mkwe wake. Si kwamba wamegombana. Ni heshima, tunaiita kutila. Mwanamke akisikia baba mkwe anakuja njiani, anaingia kwenye migomba, anachuchumaa, anajifunika nguo kichwani mpaka mzee apite. Jina lake halitaji, uso wake hautazami, na mzee naye hamtazami. Wazee wanasema nyuso zikikutana mwanamke huugua, na kama ni mjamzito, mimba ndiyo huumia. Kwa sababu hiyo vijana wa kwetu tukikua tunahama kwa baba zetu, tunajenga kijiji chetu sisi wa rika moja. Kati ya kijiji cha baba na changu kuna kijito na migomba mingi. Watu wenye busara walijenga vijiji viwili ili jambo hili lisitokee. Mimi nikaja nikawapakia wote kwenye chombo kimoja.

Na mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ya kwanza.

"Hiyo meli ni kubwa kiasi gani?" aliniuliza, huku anamenya ndizi.

"Kubwa kama kijiji. Mzee atakaa mbele, wewe nyuma. Hata akikohoa hutamsikia."

"Umeipanda?"

"Mimi? Mara nyingi mpaka nimechoka."

Na hapo sikudanganya. Nilikuwa mkata kuni za meli. Ikitia nanga Mwaya, sisi vijana tunazipeleka kuni kwa mashua, tunapanda, tunazimwaga, tunashuka. Kwa hiyo kupanda nilipanda kweli. Ila sikuwahi kuwa juu yake inakwenda, na sikuwahi kupita zaidi ya pale tunapomwaga kuni. Sehemu nyingine zote nilizitazama nikiwa ufukweni, nikazipima kwa macho, nikagawa vyumba.

Mke wangu akaweka kisu chini. "Sikiliza, we mwanaume. Nikikutana uso kwa uso na mwenye nyumba ya mama yako," ndivyo anavyomtaja baba, "siendi kubatiza mtoto wa mtu. Nashuka bandari ya kwanza, narudi kwetu Ngonga kwa miguu, nikazalie kwa mama yangu. Wewe utabaki na meli yako."

Hakuwa anatania. Mtaniaji wa nyumba ile ni mimi, kwa hiyo mtu akitania namjua.

Baba naye aliniuliza, kwa maneno machache kama kawaida yake. "Mwanangu, mahali papo?"

"Tata, mahali ni pa kupotelea."

"Ina milango mingapi?" mama akadakia.

"Juba," nikamwambia, maana kwetu mama ni juba, "ukianza kuihesabu utafika Manda hujamaliza."

Siku ya safari tulifika ufukweni kunapambazuka. Nilikwisha panga kila kitu. Mashua ya kwanza ilimchukua baba na mimi. Mke wangu na mama wakabaki nyuma ya gogo, nguo kichwani, wasubiri mashua ya pili. Ukitaka kusafiri na ukoo wako majini, panda wa kwanza, ili uwe wa kwanza kujua umeharibu.

Nilijua mara moja.

Serahangi, yule mkuu wa mabaharia, mtu wa kusini mwa ziwa mwenye sauti ya kuita ng'ambo, alinitambua. "Aa, bwana kuni! Leo umekuwa abiria? Kaa hapo na watu wako."

"Hapo wapi?"

"Hapo uliposimama."

"Na kule nyuma kwenye turubai?"

"Kule wanakaa Wadachi."

"Na huko chini?"

"Chini kuna moto. Unataka kumkalisha mzee wako motoni?"

Nikatazama kijiji changu. Kilikuwa na urefu wa hatua kumi na upana wa hatua saba. Upande mmoja nanga na minyororo, upande mwingine ngazi ya kushukia kwenye moto, na katikati lundo la kuni. Hapakuwa na mlango hata mmoja. Nako chini niliisikia mashua ya pili inagonga ubavu wa meli.

"Tata," nikasema, "upande huu una hewa nzuri sana. Kaa hapa utazame maji. Ukitazama maji tumbo linatulia." Tumbo lake halikuwa na shida yoyote. Akakaa, akatazama maji, akavuta blanketi kichwani.

Mama akapanda ngazi ya kamba, akavuta pumzi, akatazama huku na huku. "Milango iko wapi?"

"Juba, niache kwanza."

Kuni ndizo zilizoniokoa, au ndivyo nilivyoona. Lile lundo lilikuwa limepita urefu wa mtu, na baadhi ya magogo yake niliyakata mwenyewe. Nikamweka mke wangu na mama upande wa pili, kisha nikaanza kulipanga. Nilichomeka magogo membamba kwenye mianya, nikasawazisha juu, nikapigapiga kwa kiganja. Mpaka meli inang'oa nanga nilikuwa na ukuta ambao hata panya asingechungulia. Nikazunguka, nikachuchumaa karibu na mke wangu.

"Unaona? Nilikuambia."

"Uliniambia kijiji," akasema ndani ya nguo yake. "Huu ni uga wa kuku."

"Lakini una ukuta."

Nikapanda juu ya gogo, nikasimama mikono kiunoni kama aliyeijenga meli. Tukaanza kwenda, honi ikalia, nami nikaruka kwa hofu nikaangukia mnyororo. Serahangi alicheka mpaka akashika kamba.

Hatujaenda mbali, watu wawili wakatoka chini, weusi kwa masizi, bila shati. Wakaja kwenye ukuta wangu. Mmoja akachomoa gogo, wa pili akachomoa mawili.

"Ninyi! Mnazipeleka wapi hizo?"

Wakatazamana. "Motoni."

"Zote?"

"Kwani ulidhani Wadachi wanazipeleka harusini?"

Naomba msomaji asiende mbio hapa. Mimi nilikuwa mkata kuni za meli. Viganja vyangu vilikuwa na sugu za kuni za meli. Moshi wa meli niliuona kila ilipokuja na kila ilipoondoka. Na siku ninayozihitaji kuni zibaki mahali pake, nikasahau kabisa kuwa kuni huchomwa.

Nikawabembeleza. Nikawaomba waanzie pembeni, waache katikati. Nikawapa ndizi za kuchoma, wakala ndizi na kuchukua kuni za katikati. Kila wakizama chini, mimi natandaza zilizobaki, nakuza urefu, napunguza unene. Kila wakirudi, ukuta unashuka. Tulipofika Ikombe ulikuwa umenifika begani, na mimi si mrefu.

Ikombe ni kwa wafinyanzi, chini ya milima. Hapo walipakia vyungu, vikubwa na vidogo, vimefungwa kwa majani makavu ya migomba, na mwenye navyo akapanda navyo: mama mmoja wa Kikisi, mnene, mwenye macho ya kuona kila kitu. Alinikuta nimelikumbatia lundo la kuni.

"We kijana, hizo kuni umezioa?"

Nikamweleza polepole: huku baba, kule mke, mke ni mjamzito, na katikati watu wenye masizi wanakula ukuta. Akaanza kucheka kabla sijamaliza. Alicheka kwa mabega kwanza, kisha kwa tumbo. Halafu akamchungulia mke wangu alivyojikunyata, akatikisa kichwa.

"Vyungu vyangu si ukuta wa mtu," akasema. "Lakini kwa ajili ya hiyo mimba, haya, vipange. Kikivunjika hata kimoja, nitakuwa nawe mpaka Manda, na Manda nitashuka nawe."

"Ndaga, asante, mama. Nitavishika mwenyewe."

"Kwa mikono hiyo?"

Nikavipanga juu ya kuni, vikubwa chini, vidogo juu, mpaka ukuta ukarudi kupita kichwa changu. Nikaona nimewashinda hata Wadachi. Njaa ikanishika. Mama alikuwa amebeba mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, na kibuyu cha maziwa mgando cha wote wanne. Baba alisema hataki, mke wangu akasema hataki, mama akasema ngoja tuone ziwa litasema nini. Mimi nikamwambia baharia lazima ale. Nikala mbalaga za watu watatu, nikashushia kibuyu kizima mpaka nikasikia kinalia hewa.

Kwa hiyo, atakayesafiri baada yangu: maziwa mgando ni chakula kizuri sana kwa mtu aliyekaa mahali pasipokwenda.

Tulipopita Lumbila upepo wa mwera ukaanza kutupiga usoni. Milima ya kushoto, iliyokuwa imetulia tangu asubuhi, ikaanza kupanda na kushuka. Meli ilikuwa inainua pua, inafikiri kidogo, kisha inaishusha kwa nguvu, na maji yanaturukia. Wale wa masizi walikuja mara mbili zaidi kuliko mwanzo, na kila wakichomoa gogo vyungu vinatikisika. Nilisimama mikono imepanuliwa nimevizuia, shavu langu limebanwa kwenye kimoja, nasikia maziwa yanasogea tumboni kama mtu anayetafuta mlango.

Ndipo wimbi moja likaja kwa ubavu. Chungu cha juu kikainama kuelekea upande wa baba, ukuta ukaachia tundu, na kwenye tundu lile nikaona nguo ya mke wangu imeteleza kutoka kichwani. Uso wake wote uko wazi, anahangaika kuitafuta nguo. Na baba yuko hatua tano tu, mgongo umeelekea huku. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Tata! Usigeuke!"

Nani asiyegeuka akiitwa na mwanawe kwa sauti kama ile? Blanketi likaanza kusogea, bega likafuata, sikio likafuata. Nikaona shavu la baba linakuja, pua inakuja, na mimi mikono yote miwili imejaa vyungu.

Mama ndiye aliyewahi. Alikuwa amekaa mwishoni mwa lundo, mahali anapowaona wote wawili, na kwenye mapaja ana ungo wa mchele wa kumpelekea dada. Akauinua ungo na mchele wake, akambamiza nao baba usoni. Paa! Mchele ukaruka mpaka kwenye turubai la Wadachi.

Baba akabaki amekaa nyuma ya ungo. Mke wangu akaipata nguo, akajifunika mpaka magotini.

"Wewe!" mama akanigeukia, mkono mmoja bado umeshika ungo usoni pa mumewe. "Nani kakuambia upige kelele?"

"Nilikuwa namzuia asi..."

"Tangu alfajiri huyu hajageuka! Hata mara moja! Umemgeuza wewe!"

Nilikuwa na jibu zuri. Nilifungua kinywa nilitoe. Kilichopanda hakikuwa jibu.

Sikuwa na wakati wa kufika ukingoni, na mikononi nilikuwa na chungu kikubwa kuliko vyote, kimekaa vizuri, mdomo wazi. Nikaingiza kichwa.

"Hicho ni cha kupikia pombe ya harusi!" yule mama wa vyungu akapiga ukelele. "Toa kichwa! Toa kichwa chako humo!"

Nikakitoa ili nimwombe radhi kama mtu aliyelelewa. Nikakirudisha. Serahangi akapita, akasimama, akasema, "Bwana kuni, hapo sasa umejaza vizuri," akaenda zake.

Baada ya hapo nikalala chali katikati ya meli. Kuni zilikwisha. Vyungu, yule mama alivichukua kimoja kimoja akavilaza kando ili vipone, akaniachia kile changu. Kati ya baba na mke wangu hakukuwa na kitu tena. Ukuta uliobaki ulikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimelala.

Nikajua imekwisha. Nilimwona mke wangu anashuka bandari inayofuata, mguu mosi mguu pili, anapotelea kwenye njia ya Ngonga. Nikaona mtoto wangu anazaliwa huko, kama atazaliwa, na mimi naambiwa habari na wapita njia. Nilitaka kulia lakini hata hilo lilihitaji nguvu.

Kisha nikasikia kikohozi. Kifupi, mara mbili. Cha baba. Halafu mkono mgumu wenye harufu ya tumbaku ukaja kwenye paji la uso wangu ukanishika kichwa. Upande wa pili nikasikia bangili za shaba, zile za mguuni kwa mke wangu, zinalia kidogo, chi chi, na kitambaa chenye maji kikaja kunipangusa. Kilinipangusa sikio. Kikanipangusa jicho. Kikatafuta mpaka kikapata mdomo.

Nikafungua jicho moja. Baba alikuwa amenishika kichwa, lakini anatazama ziwa, blanketi limemfunika mpaka kidevuni. Mke wangu alikuwa amempa mgongo, amejifunika, na mkono wake ameurudisha nyuma, unanipapasa kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku. Mama katikati anapitisha kata ya maji. Baba akitaka kusogea, anakohoa, bangili zinanyamaza. Mke wangu akitaka kusogea, bangili zinalia, baba anatulia. Hakuna aliyeambiwa. Hakuna aliyepangiwa. Njiani kule nyumbani, kwenye kijito, kisimani, wanafanya hivyo kila siku, na mimi naishi katikati yao siku zote sijawahi kusikia.

Walifanya hivyo mchana kutwa. Bandari iliyofuata ikafika, nikasikia honi, nikasubiri kusikia bangili zinakwenda. Hazikwenda. Kitambaa kikaja tena, kikanipangusa pua.

Tulifika Manda jua likiwa bado juu ya vilima vya ng'ambo. Mke wangu na mama walishuka kwanza. Mke wangu alipofika ngazini alisimama, mgongo kwetu, akasema kwa sauti ya chini ya kunitosha mimi tu: "Siku nyingine ukinipeleka mahali, lala tangu mwanzo."

Mtoto wa dada alibatizwa. Wetu alizaliwa kwetu, nyumbani, mzima, na sasa ana meno mawili ambayo ameyajaribu kwenye kidole changu. Yule mama wa vyungu alikataa kabisa kukichukua kile chungu, nami sikupata mtu wa kumpa, kwa hiyo kiko uani, na mtoto huogeshwa humo. Kila mgeni akiuliza kwa nini chungu cha pombe kinaogeshewa mtoto, mke wangu hunitazama tu.

Lakini jioni ile pale Manda hayo yote hayakuwepo bado. Mashua ya mwisho ilitubeba baba na mimi. Nilikuwa nimekumbatia chungu changu, miguu bado inadhani iko melini. Baba alikuwa ametoa punje za mchele kwenye ndevu, anazitupa majini moja moja.

"Tata," nikasema, "nisamehe. Nusura nikuonyeshe mkwe wako."

Akatupa punje nyingine. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kuanzia kichwani, akashuka mpaka kwenye chungu.

"Mkwe wangu sikumwona hata kisigino," akasema. "Lakini wewe, mwanangu, leo nimekuona mzima mzima."